Modesti na bunduki iliyokosa mtutu

Leo asubuhi nimeingia karakana nikasema, "Modesti, umeamkaje?" kama kawaida yangu. Benchi tupu. Wiki ya pili hii na akili bado inagoma.

Kwa mnaonifuata humu na hamkumjua: Modesti alikuwa seremala mwenzetu hapa Msamvu. Mimi nashona sofa, yeye alikuwa anachonga. Kwao ni Kinole, huko juu mlimani. Ameacha mke, watoto na shamba la mahindi ambalo nguruwe pori wanalivuna kabla ya wenyewe.

Ameuawa na gobore. Gobore la marehemu mjomba wake, kibali lilikuwa nacho, lakini limezeeka kuliko sisi wote. Limempasukia usoni akiwa anawafukuzia watu nguruwe.

Naandika nina hasira. Anayetaka post ya maua na njiwa aende kwingine.

Modesti alijua lile gobore litaua mtu. Alisema kwa mdomo wake, "Dada Zuhura, chuma kile kimeliwa na kutu. Nikifyatua nafumba macho yote mawili." Tukacheka. Yaani tulicheka mpaka boss akatoka ofisini!

Ndiyo maana alikuwa anajitengenezea bunduki ya maana ya kuwindia. Kihalali, polepole, kwa mfuko wa seremala. Alinunua bunduki chakavu kwa mzee mmoja mstaafu, wakaenda wote polisi kubadilisha umiliki. Mashine yake nzima kabisa, ila mtutu umekufa na kitako kimeliwa na mchwa.

"Hela yote iende kwenye mtutu," alikuwa anasema. "Kwenye ubao nabana. Ubao naujua mwenyewe."

Na kweli alibana. Boss alimpa kipande cha mninga kilichobaki kwenye order ya milango. Saa ya chakula sisi tunakula, yeye anapiga msasa.

Alikuwa mashoto. Bunduki karibu zote zimetengenezwa kwa watu wa mkono wa kulia, basi akachonga kitako kikae kwenye shavu lake la kushoto. Alisimama na fimbo ya fagio begani, mimi nampima na futi yangu ya sofa, wateja wanatuangalia kama vichaa.

Nikamshonea na mto wa begani kwa ngozi ya maroon iliyobaki kwenye sofa la mteja. Akasema, "Dada, nguruwe wakiona hii watadhani wamealikwa harusini." Mjinga sana wewe!

Finishing yake mngeiona. Boss aliipapasa ile mninga akasema, "Ungekuwa unawafanyia wateja wangu hivi, tungekuwa matajiri."

Ukabaki mtutu tu, na fundi bunduki wa kuufunga alishapatikana. Hapo ndipo nataka kuongea na watu wa kijijini kwake. Najua mpo humu mnasoma.

Mlimwahidi. Mkutanoni, mwenyekiti wenu alisimama akasema, "Kijana wetu, wewe malizia ubao, mtutu tutachanga, maana anayelindiwa ni sisi sote." Mkapiga makofi. Jumatatu alirudi kazini anapiga mluzi.

Mlichanga nini? Mvua zikaja, mahindi yakaanza kubeba, mkaanza simu. "Modesti njoo, wameingia tena." Anaomba ruhusa kwa boss, anapanda mlima, anabeba gobore lile lile. Nguruwe akianguka, masufuria yanatoka kila nyumba. Mimi silagi nguruwe, mimi aliniletea mananasi. Lakini nyie mlikula.

Akiwakumbusha mtutu mnamwambia, "Mwaka huu mambo magumu, kijana."

Msibani nilimuuliza mkewe kwa nini alikuwa anakubali. Akanijibu taratibu, "Wifi, angekataa wangesema mjini kumemlevya, amekuwa mchoyo. Tungeishi nao vipi?"

Jumapili ile alikuwa kwao, ametoka misa. Wakamfuata mlangoni, nguruwe wamelala kwenye magugu nyuma ya mashamba. Akaenda hata chai hajanywa. Likapasuka mpigo wa kwanza. Wakamshusha na bodaboda kwenye utelezi ule, hospitali hakufika.

Halafu sasa, michango! Waliniunga kwenye group la msiba, simu ikawa inalia mpaka chaji inaisha. Jeneza la kioo. Tisheti zenye picha yake. Mabasi, spika, ng'ombe. Ni hao hao wa mambo magumu. Seremala mzima kazikwa na jeneza la dukani, sisi mafundi wenzake hatukuulizwa hata ubao mmoja.

Na mwenyekiti akashika kipaza sauti: "Ni mapenzi ya Mungu." Jamani! Msimsingizie Mungu. Mungu hakuahidi mtutu.

Nimelia sana, nawaambia ukweli. Nalia kwa uchungu na nalia kwa hasira, na sijui kipi kinatangulia.

Jana mweka hazina kaandika kwenye group kwamba michango ilivuka malengo, hela imebaki nyingi, wajumbe watoe maoni ifanyiwe nini. Mmoja akasema kaburi liwekwe marumaru. Mwingine akasema picha yake ichongwe kwenye jiwe. Wengine wakatuma vikatuni vya kulia.

Mimi nikaandika neno moja: Mtutu.

Baadaye kidogo admin akanitoa.

Lala sasa, kaka yangu. Huko hawana namba yako.