Straika ya Mzee Munusamy

Mtaani Vyasarpadi, kaskazini mwa Chennai, hakuna aliyecheza keram, mchezo wa kufyatulia kete matunduni ubaoni, kwa kishindo kama Munusamy. Alikuwa mpakizi bandarini, na vidole vyake vilikuwa vigumu kama kulabu. Akiifyatua straika, ile kete kubwa ya kupigia, kete nyingine zilitawanyika kama kuku waliorushiwa jiwe, na moja mbili ziliruka hadi mtaroni. Watu walicheka, naye alijiona mfalme.

Kisha kiharusi kikampiga. Mguu ulipona, ulimi ukapona, lakini mkono wa kulia ukabaki mzito. Siku aliyorudi ubaoni, straika yake ilijikokota ikafia katikati.

"We Munusamy, umesahau kuachia breki?" akamtania Dhanapal, muuza samaki.

Munusamy alicheka na wenzake. Alipofika nyumbani aliusimamisha ubao wake nyuma ya mlango, akakoma kutoka alasiri.

Aliyeutoa pale ni Thilagavathi, mkaza mwanawe, ambaye alikulia kwenye nyumba ya kaka watano wapenda keram. Mvua ilikuwa imewafungia ndani.

"Baba, njoo tucheze."

"Kwa mkono gani?"

"Huohuo. Usipocheza, leo kahawa huioni."

"Nimemwoza mwanangu kwa polisi!" mzee akanung'unika, huku akivuta kigoda.

Thilagavathi aliukausha ubao kando ya jiko, akaupaka poda hadi kete ikiguswa kwa ukucha tu iliteleza yenyewe. Mzee akapiga. Kete ikasogea kidogo, straika ikapita zake.

"Umeigusa begani tu, Baba. Hivyo straika inaondoka na nguvu zake. Igonge uso kwa uso."

Kisha akapanga kete tatu zilizogusana, zikielekea tunduni. Munusamy akafyatua bila matumaini. Mbili za kwanza zilitikisika tu. Ya mwisho ikachomoka kama mtu aliyesukumwa kwenye foleni, ikatumbukia.

Mzee akaitazama. "Ile mimi sijaigusa."

"Umeigusa ya kwanza. Zenyewe zimepokezana."

Munusamy akaziinamia zile kete mbili zilizobaki. "Mabehewa," akasema hatimaye. "Pale bandarini injini inagonga behewa la mbele, linaloshtuka ni la mwisho kule. Nimeisikia ile ngʼa-ngʼa-ngʼa maisha yangu yote!" Akaipanga tena safu mwenyewe, akapiga, akapiga tena, mpaka kahawa ikapoa.

Mvua zilipokatika alirudi kibarazani kwa wenzake. Dhanapal akamsogezea poda kwa huruma, jambo lililomuudhi zaidi ya matusi. Malkia, ile kete nyekundu, alikuwa amekwama karibu na tundu, kete nyeusi imemwegemea kwa nyuma. Munusamy hakumlenga malkia. Aliigonga ile nyeusi, taratibu, katikati ya uso. Malkia akaingia.

"Bahati hiyo!" Dhanapal akafoka.

Pigo lililofuata Munusamy akatia kete ya kumthibitisha malkia, kama sheria inavyotaka, na mchezo ukawa wake. Mchezo wa pili Munusamy alishindwa vibaya, akacheka kuliko aliyeshinda.

"Nani kakufundisha kubembeleza hivi?" Dhanapal akauliza.

"Mkwe wangu."

"Basi mlete tumwone!"

Jumapili Thilagavathi akaja, unga wa mchele bado umemganda viganjani, akawafunga wote wawili huku wanawake wa jirani wakipiga vigelegele kutoka ngazini. Dhanapal alijitetea kwamba ubao umepinda. Munusamy, aliyefungwa vibaya zaidi, ndiye aliyeshangilia kwa sauti kubwa kuliko wote, akamwagiza Dhanapal amchagulie mkwewe samaki mnono.