Kaboni Haichomewi

Naikumbuka siku moja, mwanangu, na kila nikiikumbuka damu inanichemka, maana ninayemkasirikia ni mimi mwenyewe. Jana nimekuona ukipaka rangi juu ya ufa wa fremu ya baiskeli ya mteja. Nilinyamaza, nisikuaibishe mbele za watu. Leo kaa hapa unisikilize.

Nilikuwa kijana kama wewe, darasa la saba nimelimaliza kwa kuungaunga, kichwa kimejaa ndoto. Biashara ilikuwa imefunguliwa, mitumba imejaa Dodoma, na humo zikaja baiskeli za mashindano ambazo hatukuwahi kuziona. Rafiki yangu Yohana, wa Ipagala, aliletewa na mjomba wake mikono miwili ya kaboni, ile inayofungwa kwenye usukani ikatokeza mbele, mwendeshaji akalaza viwiko na kuukata upepo. Na upepo wa huku kwetu unaujua, hauna adabu. Lakini mikono hiyo ilikuwa mirefu mno, imetengenezewa jitu. Akaniambia, "Fundi, nipunguzie kidogo. Jumapili ni mbio za kwenda Mpwapwa, na atakayeshinda anaingia timu ya mkoa." Kuitwa fundi! Nikaumuka kama andazi.

Mzee Ramadhani, aliyenifundisha kazi, alikuwa msibani Kolo. Siku zote alinionya nisikate kitu cha mtu kabla mwenyewe hajakikalia. Nikaona ni mambo ya uzee. Nikapanda baiskeli mimi, nikalaza viwiko vyangu, nikatia alama, nikashika msumeno wa chuma. Unatujua mafundi wa huku. Chuma kikipungua, unampelekea mchomeaji, anakuungia kipande, siku inaendelea. Ilikuwa Jumatano; nikakata huku naimba.

Vipande vilipoanguka ndipo nikakumbuka kwamba mikono yangu ni mifupi, ya Yohana mirefu. Mbio kwa mchomeaji. Alivigeuza vile vipande, akacheka mpaka akavua miwani. "Hiki si chuma, bwana mdogo, ni nyuzi zilizogandishwa kwa gundi. Nikikitia moto utaondoka na majivu." Maji yakimwagika hayazoleki.

Hapo ningemwendea Yohana nikasema. Sikwenda. Nilichonga vijiti vya mpingo, nikavipachika ndani, nikagundisha vipande vya kufikia urefu wa Yohana, nikazungushia utepe mweusi, nadhifu kabisa. Yohana alikuja, akafurahi, akanipa mkono. Nikaupokea. Mkono huo unaniwasha hadi leo.

Jumamosi mzee alirudi. Yohana akaja kumwamkia, akamwonyesha baiskeli kwa majivuno. Mzee aliitikia marahaba, akachukua spana, akagonga mkono wa kwanza wa baiskeli taratibu, mbele na nyuma, akisikiliza mlio. Akagonga wa pili. Hakuniuliza. Alibandua utepe wote, akaegemeza kiganja chake kwenye ncha, na ile kaboni ikakatika kwenye kiungo, kama muwa.

"Hapa ndipo meno ya huyu mtoto yangebaki, kwenye mteremko," alisema, sauti ya chini. "Umekata vibaya, kila fundi amewahi kukata vibaya. Msumeno wako nimeusamehe. Utepe wako siusamehe."

Nilingoja Yohana anipige. Heri angenipiga. Alisema tu, "Ungeniambia Jumatano, ningeuzoea usukani wa kawaida mapema." Keshoye alikimbia nao huo wa kawaida, upepo ukimpiga kifuani njia nzima, akafika Mpwapwa wa nne. Timu ya mkoa ikamwita mwingine. Tumeendelea kusalimiana miaka yote, tumezikana na kuozana. Ila neno "fundi", kwa kinywa chake, sijalisikia tena.

Sasa unaelewa kwa nini rangi yako ya jana imeniuma. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na katika kazi yetu hii kifo chenyewe kinamwendea asiyejua kitu, anayekuamini, aliyekupa mkono. Kwa hiyo mwanangu, kabla ya kukata, mkalishe mwenye chombo juu ya chombo chake, upime mwili wake na si wako. Ukikosea, na utakosea, mwambie siku ileile, huku uso umekushuka. Aibu ya siku moja inabebeka. Hii yangu nimeibeba hadi mvi.

Nenda kakwangue rangi ile, ufa uonekane, kisha umwite mwenye baiskeli. Nitasimama nawe. Mungu aitulize mikono yako, aupe ulimi wako wepesi wa kukiri, na siku zote watu wakuite fundi bila kusita.