Piano Iliyoshuka Pamoja na Korali ya Dzaleka

Saa tatu asubuhi, Jumamosi moja ya Oktoba 2014, Fabien Cirhuza anafuta vumbi kwenye piano ya ukumbi wa kanisa mjini Lilongwe. Ameshaifuta mara mbili. Hii ya tatu ni kwa sababu hajui mikono yake aiweke wapi.

Saa nane mchana, mwalimu wa muziki Tiyamike Gondwe atakaa mbele ya piano hiyo, peke yake, kupiga kazi za watunzi sita wa Marekani. Matangazo yamebandikwa hadi soko la Chilinde, na viti vyote vimeshapata wenyewe.

Fabien ndiye fundi wa piano hiyo, na ana jambo ambalo hajamwambia mwalimu. Piano imeshuka. Sauti zake zinaelewana zenyewe kwa zenyewe, lakini zote kwa pamoja ziko chini, karibu nusu sauti kutoka pale zinapotakiwa kuwa.

"Mi mwenyewe njo niliishusha," anamwambia mwandishi wa makala haya kwa Kiswahili cha Kongo, jicho lake likiwa mlangoni. "Miaka sita niko naishusha, na sikujua."

Si jambo dogo kwake. Fabien, mwenye umri wa miaka 54, ni mkimbizi kutoka Bukavu na anaishi kambi ya Dzaleka, wilayani Dowa. Ili atoke kambini kuja kufanya kazi mjini, lazima aonyeshe barua ya kamati ya ukumbi. Barua aliyonayo inaisha Jumatatu. Mwenyekiti wa kamati alimwambia waziwazi kwamba kabla ya kusaini nyingine, atangoja aone onyesho litakavyokwenda.

Bila barua, Fabien anabaki na cherehani yake tu. Kule kambini anashona suruali zilizopasuka na kugeuza kola za mashati, na siku ikiwa nzuri anapata kwacha elfu moja na mia tano. Haidharau kazi hiyo. Ila ukimsikia akizungumzia piano, utafahamu moyo wake uko wapi.

Ufundi aliupata ujanani, katika parokia moja ya Bukavu. Huko alikuwa na diapazo, kile chuma cha pembe mbili ambacho ukikigonga hutoa sauti moja isiyobadilika, ile noti iitwayo la. Fundi huanza na la hiyo, kisha nyaya nyingine zote, zaidi ya mia mbili, huzipanga kwa kuifuata. Alipokimbia vita mwaka 2004, mfuko wenye diapazo ulipotea njiani.

"Nikasema, si kitu. La yangu iko mu kichwa."

Kichwa kikamdanganya. Alipofika Dzaleka alikuta korali isiyo na kinanda wala gitaa, akawa ndiye anayetoa sauti ya kuanzia kwa mdomo. Ibada zilikuwa ndefu na akina mama walichoka. Mkewe Annie, ambaye naye ni mwimbaji, hakwepi lawama.

"Tulikuwa nafunga, na tunaimba masaa ine," anasema. "Nani atapanda kule yulu na njaa? Njo tulimwambia, Papa Fabien, shusha kidogo. Akashusha. Mwaka mwingine tena, shusha kidogo."

Fabien aliwahurumia, akashusha. La ya kichwani ikateremka pamoja na akina mama, polepole, bila yeye kuhisi. Tangu mwaka 2008, kila alipokuja Lilongwe alikuja na la ileile iliyochoka, na piano ya watu ikaifuata.

Aliyemfumbua macho hakukusudia. Alhamisi, mwalimu Tiyamike alimpa zawadi ya shukrani kwa kazi yake: diapazo mpya. Fabien alimshukuru kwa mikono miwili. Alipobaki peke yake akaigonga, akaisimamisha juu ya mbao za piano, kisha akabonyeza la.

"Piano ilikuwa chini," anasema. "Nikagonga tena. Nikasema diapazo njo mbovu! Nikagonga mara kumi. Hapana. Mbovu ni mimi."

Kuipandisha kwa siku mbili hakukuwezekana. Nyaya za piano hiyo ni za zamani na zina kutu. Ukizivuta zote kwa mpigo, nyingine zitakatika, na zitakazopona zitalegea tena kabla ya jioni. Alibaki na njia mbili, kusema au kunyamaza.

Saa nne kasoro mwalimu anaingia, viatu mkononi. Kiswahili alikipata kwa mama yake, mzaliwa wa Tukuyu. Fabien hamngoji hata aketi.

"Madamu, nisamehe. Piano nimeiharibu."

Anamweleza yote, korali, akina mama, la ya kichwani. Kitambaa cha vumbi kinazunguka mikononi mwake. Mwalimu anamsikiliza hadi mwisho, anagonga diapazo, anabonyeza la, na uso wake unakunjamana.

"Papa Fabien," anasema hatimaye, "leo napiga na nani?"

"Unapiga peke yako, madamu."

"Basi. Angekuwepo mtu wa filimbi hapa, na filimbi haishuki, tungelia wote wawili. Mimi niko peke yangu. Nitagombana na nani?"

Fabien anakaa sakafuni, palepale, suti yake ya kanisani ikiwa mwilini.

Saa nane ukumbi umejaa. Mwalimu anapiga wimbo wa polepole unaokaribia kuwa wa kubembelezea mtoto, kisha mwingine wa kurukaruka uliowafanya watu wa nyuma watikise mabega. Hakuna aliyekunja uso. Watu wanasimama na kupiga makofi hadi mwalimu anacheka.

Baada ya hapo, Fabien anamwendea mwenyekiti na kumwambia mwenyewe, wakati angeweza kabisa kunyamaza. Mwenyekiti anamuuliza:

"Kuirudisha juu kutachukua muda gani?"

"Mwaka moja. Kidogo kidogo, isikate nyaya."

"Basi barua ni ya mwaka mmoja," anasema mwenyekiti, akitafuta kalamu. "Aliyeishusha ndiye atakayeipandisha."

Saa kumi na moja, Fabien yuko kwenye kibanda cha chakula Chilinde, barua ikiwa mfuko wa ndani. Anapanga kuanza mwezi ujao, na mvua zikija, maana unyevu huvimbisha mbao, atakuwa akiikagua kila mwezi. Korali nayo ataipandisha, ingawa hapo anakiri kazi itakuwa ngumu zaidi. Akimaliza, anataka kumfundisha mtu mmoja wa kambini ufundi huu, na safari hii mtu huyo aanze na diapazo.

Anamaliza sahani ya nsima, ugali wa huku, na maharagwe bila kuinua kichwa, kisha anamwita mama mpishi.

"Mama, zikomo, aksanti. Ongeza ingine. Tangu Alhamisi sijakula."