Moja kwa Kila Nyumba

Arlene Hudak alikuwa na dawa ya meno ya kutosha kuwasugua meno ng'ombe wa jimbo zima, wakaja na wa jimbo la pili wakasukutua, na bado ikabaki ya kupaka ukuta. Aliiweka kwenye chumba cha chini ya nyumba, kwenye rafu alizopigilia marehemu mumewe Emil, pamoja na shampuu, sabuni za kufulia, plasta za vidonda na maboksi ya nepi. Nepi, ndiyo, na mwanawe wa pekee, Gary, ana upara. Msicheke. Mwaka ule bomba lilipopasuka kwa baridi, maji yakajaa huko chini mpaka panya wakaanza kuogelea, nepi zile ziliyanywa yote kabla fundi hajapata buti zake. Alipofika alikuta sakafu kavu, na kila nepi imenenepa kama mtoto aliyenyonyeshwa na mama wawili. Asiyeamini aje nimwonyeshe bomba.

Vyote hivyo alivipata kwa kuponi, vile vikaratasi vya kupunguziwa bei, kwenye duka la dawa lililo chini ya kilima. Hakuviiba. Kama alivinunua, hilo nalo sina hakika, maana siku nyingine keshia alibaki kumtazama tu, hajui amdai nini.

Ujanja huo hakuzaliwa nao. Kiwanda cha chuma kilipofungwa, Emil alirudi nyumbani na kopo lake la chakula, akaliweka juu ya friji, na hakulishusha tena. Gary bado mdogo. Arlene alikuwa akipakua chakula jikoni shuleni, kwa mshahara ambao hata kuku angeuliza kama ni wa siku au wa mwezi. Ndipo akashika mkasi. Gazeti la Jumapili huja na kurasa za kuponi tumboni. Yeye alizikata mezani, akazipanga kwenye kopo la biskuti, za nywele huku, za kikohozi kule. Alijua ipi inapanda juu ya ipi ili bei ipungue mara mbili, ya mtengenezaji juu ya ya duka, na zote mbili juu ya wiki ya bei kushuka.

Duka nalo lina mtego wake. Ukinunua wanachotaka ununue, wanakurudishia dola mbili tatu, ila mkononi hawakupi. Wanazichapa chini ya risiti, na zina siku yake ya kufa. Usiporudi kuzitumia pale pale, zimekwenda. Basi unarudi, unanunua, unachapiwa nyingine, unarudi tena. Risiti yake moja aliizungusha shingoni mara mbili kama skafu, na ncha bado inafagia sakafu.

Nyumba ile ilivuka hivyo. Gary akakua, akahamia Arizona kwenye joto, akawa mtu wa kupiga simu sikukuu. Emil akafa. Mtu angedhani mkasi sasa utapumzika. Wapi, ndio kwanza ukapata nguvu.

Jumapili moja baada ya misa nikasikia mlango wangu unagongwa. Naishi mkabala na Arlene, barabara tu katikati. Miaka yote tulikuwa tukipungiana mikono, basi. Huku kwetu mtu hagongi mlango wa mtu bila jambo. Uwe na sahani ya kurudisha, au barua iliyopotea njia, au habari ya msiba. Ukigonga hivi hivi watu watasema umeanza kuchanganyikiwa, au umebadili dini na unatafuta wafuasi.

"Dot," akaniambia, koti limefungwa hadi kidevuni, "una kadi ya duka la dawa?"

"Ninayo. Sijui kazi yake."

"Shampuu wiki hii ni bure ukiwa na kuponi, ila ni moja kwa kila nyumba. Mimi nyumba ya kwanza, wewe nyumba ya pili."

"Shampuu ya nini, Arlene? Nywele zenyewe zimebaki chache, za kuita moja moja kwa jina."

"Basi ziite uzioshe. Vaa viatu."

Angeweza kujiandikisha kadi mbili, duka lidhani ni nyumba mbili, wengi wanafanya. Nilipomwambia hivyo alinitazama kama nimemshauri achote sadaka. "Nyumba ni nyumba," akasema.

Ikawa ndiyo Jumapili yetu. Tukifika mlangoni pa duka, hatujuani tena. Yeye mbele, mimi nyuma, na tukibahatika, mzee fulani katikati na dawa yake ya mgongo. Ati keshia asije akadhani tunakaa nyumba moja. Na mji wenyewe ndio huu, hata paka wanajua madeni ya wenzao.

"Bibi Arlene, mbona leo rafiki yako anaonekana mgonjwa?" Misty, yule keshia, alimuuliza siku moja.

"Rafiki gani?"

"Huyo mwenye kofia ya kijani. Si huyo nyuma yako."

Arlene akageuka, akanipima juu mpaka chini. "Simjui," akasema. "Lakini kofia ile mimi nisingeivaa hata kwa kuponi."

Tulijuana wakati wa kurudi. Kilima ni kirefu, na magoti yetu manne hayakuwa na hata moja lenye ukunjufu, kwa hiyo tulipumzika kwenye ngazi za kanisa la zamani lililofungwa. Hapo alinisomea risiti yangu. Mimi shule niliiacha nikiwa mdogo nikaenda kunyonyoa kuku. Tarakimu nazijua, maneno ndiyo hunikimbia. Alisoma polepole kama anasoma Injili, hiki ulichookoa, hiki unachodai, hiki kinakufa wiki ijayo. Kisha tukapanda. Mlangoni kwangu aliinua mkono, akavuka barabara, na taa ya jikoni kwake ikawaka. Kahawa hatukuwahi kunywa pamoja, si kwake si kwangu. Hakukuwa na kuponi ya kahawa.

Majira ya baridi yalipokolea, tukiwa kwenye foleni kama tusiojuana, Misty akamwambia habari njema, na kweli binti yule alidhani ni njema.

"Bibi Arlene, ile sheria ya moja kwa kila nyumba wameiondoa. Kuanzia wiki hii chukua hata nne kwa kadi yako mwenyewe."

Arlene alishika chupa ya sabuni aliyokuja kulipia kama mtu aliyepewa mtoto asiye wake.

"Wameiondoa kabisa?"

"Kabisa, bibi. Sasa huna haja ya kumburuta mtu kwenye baridi."

Watu nyuma wakaanza kukohoa. Akarudi rafuni, akaleta nne, akachapiwa risiti yake. Njiani hatukukaa kwenye ngazi. Tulipofika kwangu ndipo akasema, anatazama theluji si mimi, "Haya, Dot. Nimekurudishia Jumapili zako."

Nami, kwa kuwa sisi ndivyo tulivyolelewa, nikasema, "Haya, Arlene. Asante."

Jumapili iliyofuata nilivaa viatu. Nikakaa navyo jikoni, kahawa ikapoa. Hakuna aliyegonga. Iliyofuata vivyo hivyo. Nikawa nasimama dirishani natazama ng'ambo. Taa yake ya jikoni inawaka mchana kweupe, yeye haonekani akienda kokote, wala dukani. Nilitamani gazeti lake lilale barazani. Huku mtu akiacha gazeti nje mpaka adhuhuri, jirani ana ruhusa, tena ana wajibu, wa kugonga aone kama yu hai. Mungu anisamehe, nilikaa dirishani nikiombea gazeti lisichukuliwe. Kila mara mlango ukafunguka kidogo, mkono ukatoka, gazeti likaingia. Yu hai. Sina sababu.

Nikatafuta sahani yake kabatini, lakini hakuwahi kuniletea chakula. Nikamngoja mtu wa posta akosee nyumba. Mtu wa posta wetu anaweza kukosea siku ya harusi yake, ila wiki ile hakukosea hata bahasha moja.

Jumapili ya tatu nikamwaga droo nzima ya jikoni mezani. Katikati ya kamba, betri na funguo zisizo na milango nikakuta kuponi. Ilikuwa ya gundi ya meno ya bandia. Meno yangu yote ni ya Mungu, na kwa meno hayo niliwahi kung'oa msumari ukutani. Tena tarehe niliiona vizuri: ile kuponi ilikufa mwaka juzi. Nikaikunjua, nikaipasha juu ya birika inyooke, nikavaa kofia yangu na kuvuka barabara.

Nikagonga. Mlango ukafunguka kabla mkono haujashuka.

Arlene alikuwa amevaa koti limefungwa hadi kidevuni, buti miguuni, mkoba begani. Nyumba ina joto kama tanuri, na jasho limemkaa juu ya mdomo. Nyuma yake mezani mkasi na gazeti, havijaguswa. Sikumuuliza alikuwa anakwenda wapi, naye hakusema.

"Nimekuja na kuponi," nikamwambia. "Herufi ni ndogo, sioni. Nisomee kama bado inafaa."

Akaipokea. Akavaa miwani. Akaisoma juu, akaigeuza akaisoma nyuma, akairudia mbele, pale penye tarehe, akaweka kidole hapo.

"Meno yako si yako mwenyewe, Dot?"

"Yanalegea siku hizi."

"Yote?"

"Moja moja."

Akaikunja ile kuponi, akaiweka ndani ya mkoba wake kama hati ya nyumba.

"Bahati yako," akasema. "Leo ndiyo siku yake ya mwisho."

"Basi twende upesi, isije ikatufia njiani."

Akafunga mlango. Tukashuka kilima polepole, kila mmoja akimwambia mwenzake asiharakishe, kuna barafu.