Mume Wangu Anaandika Juba, Simu Inaandika Lodwar

Admin, naomba ufiche jina na picha yangu. Kakuma tunajuana, na nikitambuliwa nimekwisha.

Mimi ni mama wa miaka thelathini na moja, Mturkana. Naishi Kakuma mjini na mwanangu wa kiume wa miaka sita pamoja na mama mkwe wangu. Nina kibanda cha kuchaji simu na kuuza kredo za kupigia, kwa hivyo msidhani sikuelewa nilichokiona. Simu ndizo zinazonilisha. Mume wangu, tumwite Ekiru, ni dereva wa kampuni ya ujenzi huko Juba. Ama ndivyo tunavyosema hapa nyumbani.

Mwanzoni alikuwa Juba kweli. Alipiga kwa namba ya huko na nyuma yake nilisikia watu wakiongea Kiarabu. Mwaka jana akaniambia ile laini ni ghali mno, tuwe tunaandikiana kwa programu ya kuchati. Nikakubali bila neno. Mwezi wa kumi nilijifungua mtoto wa kike, akaishi siku mbili tu. Ekiru aliandika kwamba mpaka wa Nadapal wa kuingia Kenya umefungwa, magari hayapiti, na kwamba analia peke yake ugenini. Tulimzika binti yetu bila baba yake. Nilimhurumia kuliko nilivyojihurumia mimi niliyekuwa bado navuja damu.

Mapema mwaka huu ile programu ikaleta toleo jipya lenye mambo mawili. Ukisoma meseji, aliyeituma anaona umesoma. Na chini ya meseji panaandikwa mahali alipo mwandishi. Wateja wangu nawaambia wabonyeze kukubali kila kitu waende zao, maana nani ana muda wa kusoma yale maandishi? Ekiru naye nilimwelekeza hivyo hivyo, nikimtania kwamba Juba imemfanya mshamba. Akabonyeza kukubali kila kitu.

Jioni hiyo akaandika, "Juba leo ni moto, nimechoka." Chini yake, kwa herufi ndogo za kijivu, paliandikwa Lodwar.

Nilisema ni mtandao umechanganyikiwa. Nikajaribu na simu mbili za wateja, moja nikampa jirani aende nayo mpaka upande wa kambi ya wakimbizi. Haikukosea. Tena niligundua kwamba anayeandika haoni lile neno kwenye simu yake, anayesoma ndiye huliona. Wiki nzima Ekiru alinieleza habari za Juba, na wiki nzima simu ikaniambia Lodwar.

Nikamdanganya mama mkwe kwamba naenda kununua chaja. Kutoka kwetu hadi Lodwar ni safari ya asubuhi moja. Sikuhangaika sana kumtafuta. Nilimwona kwenye stendi ya bodaboda karibu na soko, amevaa ile jaketi ya kung'aa ya waendesha bodaboda, amejifunga leso usoni kwa sababu ya vumbi, au kwa sababu yetu. Nilimjua kwa mabega. Akapakia abiria, akanipita karibu kabisa bila kuniona.

Nikaketi kwa mama mmoja anayeuza chai pale pale. Nikamuuliza kama wa njia tu, yule kijana ni wa hapa? Akanijibu, "Huyo ni mtu yetu, alikuja mwaka jana kabla ya mvua. Mtu mzuri. Kuna siku meseji ilikuja, akakaa chini hapo, analia mpaka jioni. Anasema mtoto yake amekufa. Mimi namuuliza, si uende nyumbani? Anafunga leso tu, anawasha pikipiki."

Ndugu zangu, kama angeniambia ana mwanamke mwingine, ningejua pa kuanzia. Hana. Ana pikipiki na kilio. Alimlilia mtoto wetu kweli, na alikuwa karibu kiasi cha kuwahi mazishi, na hakuja. Nilirudi Kakuma siku hiyo hiyo bila hata chaja moja.

Mtasema, si umwambie tu. Ndoa yetu haijakamilika kimila. Mifugo ya mahari iliyotajwa haijafika nusu, na kwetu mpaka ifike, mtoto ni wa baba yangu. Kaka zangu wa Kaaleng wamevumilia kwa sababu moja tu, kwamba shemeji ana kazi Juba. Wakijua anabeba abiria Lodwar, watakuja kunichukua na mwanangu, na mama mkwe abaki na nyumba tupu. Bila shaka alifutwa kazi Juba, na najua hicho ndicho alichoogopa Ekiru. Najua, na bado nina hasira ya kutafuna mawe. Nikimwambia yeye peke yake, aibu itamshinda, safari hii avuke Nadapal kweli na nisimwone tena.

Kwa hivyo nimenyamaza, na kunyamaza kwenyewe ni kazi. Mama mkwe hajui kusoma. Kila jioni ananisalimu kwa Kiturkana, "Ejok," kisha ananiuliza, "Ekiru amesema nini?" Mimi namsomea meseji yote ya Juba, lile neno la chini naliruka. Jumapili anawaeleza akina mama wa kanisa, nami naitikia kwa kichwa kama shahidi. Sasa sijui ni nani mwongo zaidi, Ekiru au mimi.

Dakika chache zilizopita ameandika kwamba Krismasi atakuja, Mungu akijalia mpaka wa Nadapal uwe wazi. Nilifungua bila kufikiri. Nimekaa hapa kibandani nikiitazama. Nikiwa bado nawaandikia ninyi, imeingia nyingine:

"Naona umesoma. Mbona hujibu?"

Chini yake pameandikwa Lodwar. Nishaurini, ndugu zangu, anangoja. Nimjibu nini?