Mikono Mikavu ya Evarista

Saa kumi na mbili asubuhi, baridi ya Juni imeishika Iringa sawasawa, lakini Evarista Kalinga, mpimaji wa ubora wa maji, hajapaka mafuta mikononi. Vidole vimepauka mpaka vimepasuka. Ameinama kwenye mteremko ulio chini ya dampo, nje kidogo ya mji, akikinga kwa chupa ya kioo maji meusi yanayochuruzika kutoka kwenye taka. Mchana chupa itapanda basi kwenda maabara, Mbeya.

Huko zinatafutwa kemikali zisizoonekana kwa macho: za plastiki, rangi, mafuta na dawa za wadudu.

“Mashine inasoma ulichoipelekea,” anasema. “Ukiipelekea mikono yako, itakusomea mikono yako.”

Anajua anachosema. Mwaka jana alipaka mafuta ya mgando, ambayo nayo hutokana na petroli, kama kila mtu hapa wakati wa baridi, kisha akashika mdomo wa chupa bila glavu. Majibu yakarudi kwamba kijito kinachopita bondeni, chini ya dampo, kina mafuta ya petroli. Wateja wakazikimbia mboga zote za vinyungu, zile bustani za bondeni zinazolimwa kiangazi. Mmoja wa wakulima ni mama yake, Damari, aliyemsomesha kwa figili na chainizi.

Evarista alikwenda mwenyewe kwa mkuu wake, akaeleza kosa lake na kuomba kupima upya kijito na visima, bustani kwa bustani. Bondeni watu wakanong'ona kuwa anamwokoa mama yake.

Safari hii mafuta hayakuonekana. Kijito kilikuwa salama, na mboga zikarudi sokoni. Ila kisima kimoja, kilicho karibu zaidi na dampo, kilikutwa na kemikali ya kuyeyushia rangi. Kisima hicho ni cha Damari.

“Alikuja jioni, hata hakukaa,” Damari anakumbuka. “Akaniambia, mama, wenzako wako salama, wewe usimwagilie tena. Nilinuna wiki nzima, nisikufiche.”

Aliyemnusuru ni jirani yake Juliana, aliyemkatia kipande cha kinyungu huko chini. Minong'ono ikaisha.

Evarista anataka dampo lichimbiwe bwawa lililotandikwa plastiki nene, maji meusi ya taka yasizame ardhini. Barua ameshaandika, na hana mpango wa kuchoka. Kila msimu anakipima kisima cha mama yake.

“Nami namuuliza, bado?” anasema Damari, akimpaka bintiye mafuta mikononi, maana kazi ya leo imekwisha. “Siku akisema tayari, narudi na jembe langu. Huyu akisema, naamini.”