Kitovu cha Silvana

Mama Silvana alikuwa mtu wa mayai, nami sikuwahi kumpenda kuku wake hata mmoja. Walinidonolea vitambaa, walininyea juu ya cherehani, na mwaka mmoja, msimu wa sare za shule, jogoo wake alitembea juu ya mashati meupe niliyokwisha kupiga pasi, taratibu, kama diwani anayekagua mradi. Nilimrushia mkasi, nikamkosa. Lakini mwenye kuku nilimpenda. Tumekuwa majirani hapa Sumbawanga tangu mume wangu alipohamishiwa kikazi kutoka Mbeya, na mume wangu alipofariki, aliyelala chini sebuleni kwangu mpaka tukaanua matanga ni yeye.

Jina lake hasa ni Emerensiana, kwao ni kijiji cha Kate. Mumewe, Zenon, aliteremka Kasanga, ziwani, kwenye biashara ya dagaa wakati Silvana bado anatambaa, na mlima hajaupanda tena. Aliacha neno moja tu nyuma yake: kwamba ukoo wao hauna ugonjwa wa damu, kwa hiyo mwanamke ndiye aliyekuja nao. Mjinga yule, Mungu anisamehe.

Maana Silvana alizaliwa na selimundu. Chembe zake nyekundu za damu, badala ya kuwa mviringo, zilijikunja kama mundu na kukwamana ndani ya mishipa, na pale zilipokwama mtoto alilia mpaka sauti ikakatika. Baridi ndiyo iliyoziamsha zaidi. Na Ufipa bwana, mwezi wa saba, ukitoa mkono nje ya blanketi alfajiri unaujutia. Nilimshonea koti lenye bitana ya blanketi. Mama yake alimvalisha juu yake sweta, na juu ya sweta kanga, mpaka watoto wa jirani wakamwita Mzigo. Silvana mwenyewe alicheka. Alikuwa mtoto wa maneno, huwezi kumshinda.

Pahali penye joto kuliko pote katika nyumba ile palikuwa kando ya sanduku la kutotoleshea vifaranga. Fundi seremala alilitengeneza, ndani yake inawaka taa ya chemli, mayai yamepangwa juu ya pumba. Silvana alikulia hapo. Ndipo alipofanyia kazi za shule, na ndipo mama yake alipomfundisha kumulika: unashika yai, unaliwekea tochi chini yake, unaangalia kama kuna uzi mwekundu. Lenye uzi linarudi kwenye sanduku. Lisilo na uzi linakwenda kwenye kikaango. Yapo pia yale ambayo uzi ulikuwapo kisha ukafifia. Hayo Emerensiana hakuyatupa jalalani. Aliyafukia kwenye shina la mgomba, akinung'unika neno la Kifipa ambalo hakunitafsiria.

Mdogo wangu Nsajigwa ni mwalimu wa baiolojia. Siku moja, jua la alasiri likiwa bado uani, alikuja kuchukua mayai ya kuwaonyesha wanafunzi wake, akaona afungue moja palepale mezani. Silvana, wakati huo yuko kidato cha pili, akasogeza kigoda mpaka pua yake ikakaribia kugusa ganda. Nsajigwa alikata kidirisha kwa mkasi wangu mdogo. Ndani, juu ya kiini, palikuwa na nyuzi nyekundu zimetawanyika, na katikati yake kitone kinachorukaruka.

"Huo ni moyo," alisema. "Haujamaliza hata siku nne."

Sote tukainama. Hata mimi nisiyependa kuku.

"Sasa sikilizeni ajabu yake," Nsajigwa akaendelea, maana ukishampa mwalimu wasikilizaji watatu hanyamazi. "Mwanzoni kabisa humu kulikuwa na seli tu, zote zinafanana, hakuna yenye kazi. Zinaitwa seli shina. Kisha zinajipanga tabaka tabaka. Zile za tabaka la kati, baadhi zinakuwa moyo, baadhi zinakuwa damu. Ni ndugu wa tumbo moja. Na damu haizaliwi ndani ya moyo, hapana. Inaanza huku pembeni, juu ya kiini, kama vidimbwi. Moyo unaanza kupiga damu haijaufikia."

"Unapiga bure?" Silvana aliuliza.

"Unapiga tu. Mpaka mishipa iungane."

"Na seli inajuaje iwe damu, mwenzake awe moyo?" Huyo alikuwa Emerensiana. Tangu aanze kumulika mayai hakuna aliyewahi kumwambia habari hizo.

"Inaambiwa na majirani zake, mama. Kila seli inapitishiwa ujumbe na zilizo karibu nayo, kemikali hii, kisha ile. Watafiti wameujifunza mpangilio huo. Wanachukua seli shina za kiinitete cha binadamu, cha siku chache tu, wanazilea kwenye sahani ya maabara. Ukizilisha hivi zinageuka moyo, utaziona zinadunda zenyewe kwenye sahani. Ukizilisha vile zinakuwa damu. Lakini bado ni kazi ya maabara hiyo, si dawa ya kwenda kununua."

Emerensiana alimtazama binti yake, kisha akamtazama mwalimu. "Damu mpya," alisema.

"Damu mpya. Hata sasa wapo wagonjwa wanaopandikizwa uloto wa mifupa wa ndugu zao, ukalingana, wakapona." Nsajigwa alijua Silvana hana ndugu, akaharakisha kulipita hilo. "Hata damu ya kwenye kitovu cha mtoto mchanga ina seli za namna hiyo. Kuna nchi wanaihifadhi."

Akamaliza chai yake, akafunga mayai yake, akaenda zake. Hakusema uongo hata neno moja. Lakini nikikumbuka alivyolitamka lile la mwisho huku anatafuta kofia yake, nashikwa na hasira mpaka leo.

Katika ukoo wa kina Emerensiana, kitovu cha mtoto kikikauka na kudondoka hakitupwi. Kinafungwa kwenye kitambaa, anapewa bibi mzaa mama, naye anakitia katika chungu kidogo darini, juu ya moshi wa jiko. Kinakaa huko mpaka mwenyewe atakapopata nyumba yake. Siku anayohamia, anakifukia kizingitini. Kabla ya hapo, hata akiwa na mvi, anahesabiwa bado yuko kwa mama yake. Silvana alikuwa na mpango wake. "Mimi changu nitakifukia Wampembe, kando ya ziwa, kwenye joto. Nikae na kanga moja tu, bila sweta. Mama Meshack, utakuja kunishonea mapazia?"

"Nitakuja, ila kuku wabaki huku."

Mwezi wa saba uliofuata ulikuja na upepo mbaya. Silvana alianza na mgongo, kisha kifua, kisha pumzi ikawa fupi, tukamkimbiza hospitali. Alilazwa, akawekewa oksijeni, akaongezwa damu. Daktari aliyemhudumia, binti mmoja mpole aitwaye Debora, hakutuficha kwamba kifua kile kinamtia wasiwasi.

Asubuhi yake Emerensiana alinivuta kando ya mlango wa wodi. "Mama Meshack, kaa naye. Nafika Kate, narudi kesho."

"Kate? Leo hii? Mtoto yuko hivi?"

"Kaa naye."

Nilidhani anakwenda kuita ndugu waje kutoa damu. Nikakaa. Silvana alizungumza kidogo kidogo kati ya pumzi. Aliuliza kama taa ya sandukuni inawaka, nikamwambia Meshack wangu anaiangalia. Akasema Meshack ataipika ile mimba ya kuku yote. Nikacheka, kisha nikaenda kulia chooni, kwa sababu mkono alionishika nao ulikuwa wa baridi na kucha zimefifia rangi.

Emerensiana alirudi kesho yake mchana, vumbi mpaka kwenye kope. Hakumsalimu mtu. Alikwenda moja kwa moja alipo daktari, akapiga magoti, akafungua pindo la kanga, ndani yake kitambaa cheusi kwa moshi, na ndani ya kitambaa kitu kidogo kikavu kama kipande cha tangawizi iliyosahaulika.

"Hiki hapa, daktari," alisema. "Kitovu chake. Mwalimu alisema humu kuna mbegu ya damu. Mtengenezeeni nyingine."

Mfa maji haachi kutapatapa, lakini sikuwahi kumwona mtu anatapatapa kwa heshima namna ile. Debora naye akachuchumaa, wakawa sawa. Alikipokea kwa mikono miwili.

"Mama, seli zile zinachukuliwa siku ileile mtoto anapozaliwa, zinahifadhiwa kwenye baridi kali mno. Hiki kimekauka. Humu hakuna kilicho hai."

"Nilikitunza. Mama yangu amekitunza."

"Naona, mama. Mmekitunza vizuri sana." Nikadhani ataishia hapo. "Na hata kingekuwa kibichi, damu ya humu ni ya kwake. Ina ugonjwa uleule. Alianza nao kwenye seli ya kwanza kabisa, kabla hajawa na moyo. Nusu kutoka kwako, nusu kutoka kwa baba yake."

"Na kwa baba yake?"

"Lazima wote wawili, mama."

Miaka yote ile aliubeba mzigo wa lawama peke yake, na neno la kumtua lilimfikia amepiga magoti kwenye sakafu ya wodi, wakati halimsaidii kitu. Nilitamani Zenon angekuwapo nimkamate shati.

Silvana alikuwa amesikia. Alinyoosha mkono, akapewa. Alikigeuza geuza karibu na macho.

"Mama, ndiyo mimi huyu? Mbona mbaya hivi?"

"Ndiyo wewe, mwanangu."

"Umekitoa darini nyumba sina."

"Nitakirudisha."

Hakupata kukirudisha. Silvana alikata roho jioni ileile, mama yake amemkumbatia ndani ya lile koti langu la bitana ya blanketi. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Mimi nilikuwa jirani tu, na bado nilihisi kama nimekatwa kiungo.

Tulimzika Kate. Katekista alisali, upepo ukamnyang'anya maneno. Jeneza lilipofikishwa ukingoni mwa kaburi, wanaume wakashika kamba, na hapo bibi yake Silvana, mwanamke mkongwe asiyesikia vizuri, akasema kwa sauti ya juu mbele ya watu wote, "Emerensiana, kitovu kiko wapi?"

"Ninacho, mama."

"Mpe."

"Hapana."

"Mpe mtoto chake. Leo ndiyo anahamia kwake."

Emerensiana alitikisa kichwa. Alikuwa ameifumba ngumi kifuani, na nilielewa: huko nyumbani alikuwa amebakiwa na masweta na sanduku la mayai, na hiki tu ndicho kilichokuwa mwili wa mwanawe. Hakuna aliyemsogelea. Wanaume wakalegeza kamba. Jua lilikuwa limetoka, jua lile la Ufipa la mwezi wa saba, linang'aa bila joto.

Kisha akakifungua kitambaa. Akakishika kitovu kwa vidole viwili, akakiinua juu usawa wa jua, akafumba jicho moja, akakigeuza polepole, upande huu, na upande huu. Alikimulika. Mbele ya ukoo mzima na katekista amesimama, alikuwa anatafuta uzi mwekundu.

Alitazama muda mrefu, na hakuna aliyemharakisha.

"Nimeangalia, mama," alisema mwishowe, na sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, ile aliyoitumia kila siku mbele ya sanduku. "Hamna kitu."

Akapiga magoti, akakiweka juu ya jeneza, upande wa miguu, pahali ambapo pangekuwa mlango.